Walipoufanya Mfereji Wetu Mpaka

Kijiji nilichozaliwa hakipo tena. Watu wapo, migomba ipo, msikiti upo na kanisa lipo, ukungu unapanda asubuhi kutoka upande wa Mombo kama zamani. Kijiji ndicho hakipo. Kilifutwa kwa mikono iliyonyooshwa juu, na mmoja wa mikono hiyo ulikuwa wangu. Kwa hiyo nikianza kuwatukana watu humu, mjue nimejitukana mwenyewe kwanza.

Nimesoma mpaka darasa la saba na sikufaulu. Maneno ya ofisini siyawezi. Lakini wanaoyaweza ndio walioniulia mume, basi acha niandike kwa haya niliyo nayo.

Baba yangu alikuwa mmoja wa waliokianzisha kijiji. Wakati ule serikali ilisema watu waishi kwa vijiji, na huku kwetu milimani hakukuwa na haja ya kumhamisha mtu, nyumba zilishabanana kwenye kila kilima. Kilichohitajika ni jina, mwenyekiti na muhuri. Ofisi waliijenga wenyewe. Mawe yalitoka kijitoni, wanaume wakayabeba begani. Mchanga wakaubeba wanawake kichwani, mama yangu akiwa na mimi mgongoni. Hayo nimesimuliwa. Ninachokikumbuka mwenyewe ni ule muhuri. Mwenyekiti wa kwanza aliuweka ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo chini ya kitanda. Mke wake alipenda kumtania mbele za watu: "Huyu akilala, mkono mmoja ni wangu na mmoja ni wa kijiji. Na huo wa kijiji ndio wenye joto."

Lakini muhuri haukuwa kijiji. Kijiji kilikuwa mfereji.

Mfereji wetu waliuchimba watu ambao hata babu zetu hawakuwajua vizuri. Unaanzia kijitoni, kule msituni, unakata tumbo la mlima kwa upole, mwendo wa nusu saa kwa mtu asiye na mzigo, mpaka kwenye korongo. Juu yake kuna mashamba ya viazi, mahindi na maharage. Chini yake kuna nyumba, na bustani za kabichi na hoho zinazofika mpaka bondeni. Kiangazi ulituletea maji. Masika ulifanya kazi kubwa kuliko hiyo, ingawa hakuna aliyeisema kwa mdomo: ulidaka maji yote yanayoteremka mlimani na kuyapeleka korongoni, yasitufikie. Sisi wa chini tulilala tukiwa tumejifunika ule mfereji kama blanketi.

Kuusafisha kulikuwa msaragambo, yaani kazi ya wote. Kabla ya masika na kabla ya vuli pembe ilipigwa asubuhi, na kila nyumba ilitoa mtu na jembe. Kila ukoo ulikuwa na kipande chake, kimepimwa kwa mipini ya majembe, baba akamwachia mwana. Asiyekuja alitakiwa kupika chungu cha maharage kwa waliokuja, wakale pale pale huku wakimsema. Na bibi harusi, siku yake ya kwanza kuonekana na watu haikuwa sokoni wala kisimani. Ilikuwa pale mferejini, kwenye kipande cha ukoo wa mume, mama wakwe wamesimama ukingoni wakiangalia anavyoshika jembe.

Mimi nilipofika, wifi yake mama mkwe alinitazama mapigo matatu, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya pili, "Ah! Tumeletewa mchora mistari! Huyu anamkuna mfereji, hauchimbi!"

Watu wakaangua kicheko. Nilipandwa na hasira nikachimba mpaka malengelenge yakapasuka. Mume wangu, aliyekuwa mbele yangu, akageuka akaninong'oneza, "Taratibu. Ukitoboa upande wa pili tutawamwagia watu maji kitandani." Ndivyo alivyokuwa, maneno machache, na hayo machache ya utani. Kipande chetu kilikuwa kwenye kona, chini ya mikaratusi, mahali pabaya kuliko pote kwa sababu mizizi iliingia na takataka zilinasa hapo. Hakuwahi kulalamika. Alisema kona ni heshima, wanapewa wenye akili.

Sasa nawataja waliotuvunja. Majina yao siyaandiki, wao wenyewe watajijua, na wa huku wote watawajua.

Wa kwanza ni diwani. Mtu wa tumbo na kofia, anayeongea akiwa amekushika bega. Alikuja na habari kwamba kijiji chetu ni kikubwa mno. Tukigawanyika tutakuwa na vijiji viwili, zahanati mbili, shule mbili, barabara mbili. Kila kitu kilikuwa mbili mbili, kama Safina ya Nuhu. Hakusema kwamba viongozi nao wangekuwa mara mbili, na kwamba wale walioangushwa kwenye uchaguzi uliopita walikuwa ndugu na marafiki zake waliohitaji viti. Hilo tulilijua baadaye. Wengine walisema mgawanyo ule ni wa dini, kwamba walioko juu wengi ni wa kanisani na wa chini wengi ni wa msikitini. Uongo. Walioko juu tuliwazikia na wao wakatuzikia. Dini haikuwa na shida na mtu. Shida ilikuwa viti.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Alikuja mpima na kidude chake cha kunasa setilaiti, kijana mpole, sina kosa naye. Akatuuliza vizuri kabisa: "Wazee wangu, mpaka upite wapi? Nitajieni kitu kisichohama, ambacho kila mtu hapa anakijua, hata mtoto."

Mzee mmoja wa ukoo wa baba yangu, marehemu sasa, Mungu amsamehe, mimi bado, akasimama na fimbo yake akasema kwa fahari: "Mfereji! Hakuna asiyeujua mfereji."

Makofi yalipigwa mpaka ng'ombe wakashtuka. Hili ndilo kosa letu, na sidhani kuna watu wengine duniani wangelifanya. Tulikuwa na kitu kimoja ambacho ni cha wote. Tulikijivunia. Tukaulizwa tutaje kinachojulikana kuliko vyote, na kwa majivuno hayo hayo tukakitoa kikatwe. Nilipiga makofi. Viganja viliniuma kwa makofi.

Mume wangu peke yake alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, nauliza. Na msaragambo? Mfereji ukishakuwa mpaka, nani atausafisha?"

Diwani akacheka. "Mzee wangu, hilo ni suala la utekelezaji."

"Ndiyo. Nani atautekeleza?"

"Utatekelezwa!"

Uwanja mzima ukacheka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwenye kona anaogopa kubaki peke yake!" Wakacheka tena. Na mimi nikamvuta shati nikamwambia, "Kaa chini, unatutia aibu." Hilo nalo naliandika.

Yakasimikwa mabango mawili. Daftari la wakazi walilipasua katikati, kwenye pini, kurasa za huku huku na za kule kule, na pale ukurasa mmoja ulipokuwa na watu wa pande zote mbili, majina yalinakiliwa kwa kalamu ya risasi. Nyumba yetu ilikuwa chini ya mfereji, shamba letu juu ya mfereji. Kwa hiyo tulilala kijiji kimoja na kulima kingine. Mume wangu akitoka na jembe asubuhi aliniaga, "Haya, nasafiri."

Pembe haikupigwa tena. Walioko juu walisema, "Maji ya mfereji wanamwagilia wao wa chini, wasafishe wao." Wa chini wakasema, "Udongo unaouziba unatoka kwenye mashamba yao, wasafishe wao." Baadaye mwenyekiti wa juu alitangaza kwamba mtu wake akionekana na jembe mferejini anafanya kazi ya kijiji jirani na atatozwa faini. Huyu ni wa pili ninayemtaja. Tulisoma naye darasa moja, hesabu zake zote alikopi kwangu, ndiyo maana mpaka leo hajui kujumlisha. Na mtendaji wetu wa chini, wa tatu, hakutaka kuonekana mnyonge, naye akatangaza vivyo hivyo. Mfereji ukajaa majani ya kabichi, viroba, pakiti za dawa ya nyanya. Majani ya gwatemala yaliyokuwa yakishika ukingo yakakatwa yakapewa ng'ombe, kwa sababu yalikuwa mpakani na cha mpakani hakina mwenyewe.

Mume wangu alikuwa anakwenda kwenye kona yake kila msimu, peke yake, kimya kimya, kama mtu anayekwenda kuiba. Alipigwa faini ya kuku na pande zote mbili. Alilipa akarudi.

Masika moja mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya nne asubuhi, tumekunywa chai, aliangalia nje akaona maji yanakatiza njia yetu ambapo hayakuwahi kupita. Akaweka kikombe chini.

"Kona imeziba," akasema.

"Twende kwa mtendaji."

"Tukafanye nini? Tukapige picha naye?" Akachukua sururu na shoka. Nikachukua koleo nikamfuata, sikuweza kumwacha.

Mfereji ulikuwa umejaa mpaka mdomoni, maji mekundu mazito, yamesimama. Yakisimama ndiyo mabaya, kwa sababu yanaingia ndani ya mlima. Alivua viatu akatumbukia mpaka mapajani, akaanza kukata mzizi uliokuwa umekumbatia viroba. Mimi nikasimama chini kidogo nikivuta tope. Alikuwa ananiambia, "Sogea kushoto, sogea kushoto, hapo ulipo nitakurushia." Nikasogea kushoto. Hatua mbili, labda tatu. Ndizo zilizoniacha hai.

Watu husema mlima ukishuka hunguruma. Mimi sikusikia kishindo chochote. Niliona mikaratusi inatembea, imesimama wima kabisa, kama watu wanaoteremka ngazi. Halafu nikawa ndani ya udongo mpaka kifuani, mguu wangu wa kushoto uko mahali ambapo sikupajua, na mbele yangu mfereji haupo wala mume hayupo, kuna ukuta mwekundu unaotoa moshi wa baridi.

Nilipiga kelele. Wakaja. Na hapa ndipo hasira inaponikaba mpaka leo: wakaja wa juu na wa chini. Walimu wa kwaya kutoka kanisani kule juu, waswalihina kutoka msikitini kwetu, wenye majembe, wenye sufuria, wenye mikono mitupu. Hakuna aliyeuliza mpaka. "Vuta polepole, mguu umenasa!" "Ukate huo mzizi, kaka, mbona unaubembeleza!" "Mama, usitufumbie macho, tuangalie, tuangalie!" Watu mia walichimba kwenye ile kona asubuhi moja zaidi kuliko walivyochimba miaka yote tangu mabango yasimikwe. Kumbe waliweza. Wallahi walikuwa wanaweza siku zote.

Yeye walimpata karibu adhuhuri, amesimama mferejini, sururu mkononi. Nimeambiwa. Mimi wakati huo nilishabebwa kwa machela ya miti mpaka barabarani, nikapelekwa hospitali Lushoto, nikawekewa chuma. Alizikwa alasiri ile ile nami nikiwa wodini.

Nilirudi nyumbani na plasta nikakaa eda yangu, miezi minne na siku kumi. Binti zangu wawili walioolewa wakawa wanapokezana kunitunza. Nilikuwa nimeketi, nimefunikwa, sitoki, na kutoka dirishani nilimwona shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akipanda mlima na jembe kuelekea shambani kwetu. Siku ya kwanza nikadhani anasaidia. Siku ya tatu akapita na miche ya kabichi.

Eda ilipoisha nikamwita. Akaja, akakaa mlangoni, hakuingia.

"Shemeji, shamba lile ni la watoto wa kaka yako."

"Nani kakataa? Nalishika tu. Wewe na mguu huo utalima nini? Utakwenda kulima na fimbo?"

"Nitalima na mguu mmoja. Toa kabichi zako."

"Nionyeshe barua," akasema. "Shamba liko kijiji cha juu. Juu wakinionyesha barua kwamba kaka amefariki na wewe ndiye mrithi, natoa kabichi leo leo."

Hilo ndilo lililonitoa nyumbani: barua. Bila barua shamba linakwenda, na shamba ndilo lililotusomeshea watoto na ndilo peke yake tulilokuwa nalo. Nikaenda juu, kwa yule mwenyekiti wa kukopi hesabu. Akaniita dada, akaniletea kiti, akaniambia kwa huruma kwamba barua ya shamba ataiandika bila shida, ila nilete kwanza uthibitisho wa kifo kutoka kijiji alichokuwa akiishi marehemu. Nikateremka kwetu kwa fimbo, nikapumzika mara nne njiani.

Mtendaji wetu alikuwa kijana wa kutoka mbali, shati limenyooka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kumwandikisha mume wangu."

Akafungua daftari. "Pole sana. Alifia wapi?"

"Mferejini. Wewe ulikuwepo, ulishika simu."

Akainua kalamu. "Upande upi wa mfereji?"

"Ndani ya mfereji."

"Ndani ni mpaka, mama. Mpaka si kijiji. Natakiwa nijaze kijiji." Akafikiri, kweli akafikiri, niliona akijitahidi. "Kichwa kilikuwa kimeelekea upande gani?"

Nikamwambia, "Kichwa kilikuwa kimefunikwa na udongo, mwanangu. Udongo haukuniambia ni wa kijiji gani."

Akafunga daftari polepole. Akasema kwamba akiandika alifia kwetu akizibua mfereji, kijiji chetu kitakuwa kimekubali kwamba mfereji ni wetu, na lawama ni zetu, na pengine fidia. Niende juu, udongo ulitoka juu. Nikapanda tena. Mwenyekiti akasema, "Dada yangu, usinitie matatani. Mwili uliteremshwa kwenu, ukazikwa kwenu. Mimi nimwandike kwa lipi?" Nikateremka. Nilipanda na kuteremka mlima ule mpaka chuma kikaanza kuniuma hata nikikaa. Nilikwenda mpaka Lushoto mjini. Huko sina ugomvi nao, waliniambia ukweli kwamba barua ya namna hiyo huanzia kijijini. Lakini mimi sikuwa na kijiji. Nilikuwa na viwili.

Kabichi za shemeji zikafunga. Lori likaja, yakapakiwa matenga, likateremka Mombo. Akaanza kulima upya.

Ndipo nikaitwa ofisini kwetu. Nilikuta watu watatu wananisubiri: mtendaji, mwenyekiti wa juu na diwani. Soda ilikuwa imeshafunguliwa kwa ajili yangu. Diwani akanishika bega.

"Mama, tumekaa tumelitatua jambo lako. Tumekusaidia."

Mtendaji akanisomea. Marehemu alifariki nyumbani kwake, kijiji cha chini, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

"Aliugua nini?" nikauliza.

Wakatazamana. Mwenyekiti wa juu akasema, "Weka presha." Mtendaji akaweka presha.

"Presha!" nikasema. "Mnajua kilichokuwa juu ya kifua chake? Mlima!"

"Na mlima ni presha vilevile, dada," akasema mwenyekiti, akacheka peke yake.

Diwani akainama karibu yangu, harufu ya soda. "Ukisaini hapa, barua ya shamba hii hapa, imeshapigwa muhuri, unaondoka nayo. Ukikataa, mimi sina la kufanya. Na shemeji yako anapanda wiki hii, nasikia."

Nilisaini. Naandika wazi, sikushikwa mkono. Nilimwona mume wangu amesimama mferejini na sururu, nikamlaza kitandani, nikampa presha, nikaandika jina langu chini yake. Nikaondoka na barua. Shemeji aliisoma mara mbili akang'oa jembe lake ardhini akaondoka bila kuniaga. Nikalima. Binti zangu waliniambia, "Mama, umeshinda." Kila nilipopita kwenye ile kona, ambayo maporomoko yaliiacha kama kinywa kisicho na meno, nilitembea haraka kuliko mguu unavyoruhusu.

Ningekaa hivyo mpaka kufa. Kilichonitoa ni mkutano wa mwaka huu, kabla ya masika. Pembeni ya nyumba yangu anakaa mjane mwenzangu, mama wa umri mdogo bado, mtu wa kanisani, mwenye watoto wanne. Mfereji umeziba tena juu ya paa lake. Alisimama mbele ya mkutano akaomba kwa adabu kwamba vijiji viwili vikae, msaragambo urudi, hata kwa ile kona tu. "Watoto wangu wanalala pale chini," akasema. "Mimi mvua ikianza silali, nakaa nimevaa viatu."

Mtendaji, yule yule, akafungua daftari. Akageuza kurasa, akasoma, akainua macho. "Mama, tunaelewa hofu yako. Lakini kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, hakuna mtu aliyewahi kudhurika kwenye mfereji ule. Tusitiane hofu. Ajenda inayofuata."

Mkutano mzima ukaangalia chini. Mle mkutanoni walikuwemo watu walionichimbua mimi kwa sufuria. Hakuna aliyesema. Nikaelewa kwa nini hawasemi: walikuwa wananisitiri. Wote walijua nilichosaini na kwa nini, na walikuwa tayari kunyamaza kwa ajili ya shamba langu. Na yule mama alikuwa amebaki amesimama, anageuza geuza kanga yake.

Nikasimama. Shemeji yangu, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akageuka kabla sijafungua mdomo. "Shemeji, kaa. Kaa! Unajua unachokitafuta?"

"Daftari lako linasema uongo," nikamwambia mtendaji. "Mume wangu hakufa kwa presha. Alikufa pale kwenye kona, akizibua mfereji, kazi iliyokuwa yenu, na mimi nilikuwa naye."

Mtendaji akaligeuzia daftari kwangu. "Mama, hii hapa ni sahihi yako. Unakiri mbele ya mkutano kwamba uliidanganya ofisi ya serikali?"

"Nakiri. Andika kwamba nilidanganya. Na andika nani walikaa mezani, nani alinisomea, nani alitaja presha, nani alinishika bega." Nikawanyooshea kidole mmoja mmoja, diwani akiwa amekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki na kofia yake. "Ukimaliza kunifunga mimi uwafuate hao."

Pakawa na kelele. Diwani akasimama akasema mkutano umevurugika, umefungwa. Mtu mmoja akajibu kutoka nyuma kwamba hata ukifungwa watu hawajaondoka. Mzee wa kwaya mmoja wa kijiji cha juu, ambaye hakutakiwa hata kuwepo pale, akasema yeye ndiye aliyekata mzizi uliokuwa umenishika mguu, naye aandikwe. Halafu mwingine. Mtendaji alikuwa ameshika kalamu, haandiki.

Shemeji amefungua shauri. Anasema barua ya shamba ilitokana na barua ya uongo, na nimekiri mwenyewe, na kwa hilo yuko sahihi. Tumeitwa mara moja, tutaitwa tena. Huenda akalipata shamba. Viazi nilivyopanda vimeshaota na sijui atavichimba nani.

Mfereji haujaandikwa kuwa wa kijiji chochote. Lakini wiki iliyopita nilisikia sauti za majembe kwenye kona, nikapanda kuangalia. Walikuwa watu kumi na moja, wa juu na wa chini, na yule mama mjane katikati yao amejifunga kanga kiunoni. Mwenyekiti wa juu na mtendaji wetu wameshawatangazia faini. Waliponiona wakanipisha nafasi kwenye kipande cha mume wangu. Mguu hauwezi kushuka mferejini, nikakaa ukingoni nikawa navuta tope kwa koleo na kuwatukana, kwa sababu walikuwa wanachimba vibaya.